Uzi: Kibarua wa ujenzi, kazi yake hasa ni ipi na jengo linamtegemea kiasi gani

Timazi (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nimesoma humu nyuzi nyingi zinazouliza fundi gani anafaa, saruji ipi ni imara na nondo za unene gani ziwekwe kwenye nguzo, lakini sijakutana na hata uzi mmoja unaouliza ni nani atakayeipima hiyo saruji, atakayeibeba hadi juu na atakayelimwagilia zege maji fundi akishakusanya vifaa vyake na kuondoka. Naomba leo tumzungumzie mtu huyo. Wengine humwita kibarua, wengine saidia fundi, wengine mtu wa mkono. Nilikuwa saidia fundi kwa miaka 6 kabla sijakabidhiwa mwiko, na huu ni mwaka wangu wa 11 nikiwa fundi mwashi.

Kinachonisumbua ni maneno matatu yanayotumika hadi kwenye makabrasha ya zabuni: kazi isiyohitaji ujuzi. Yakishaandikwa hayo, mengine hufuata yenyewe. Mtu huyo haonyeshwi mchoro, haelezwi sababu ya anachoagizwa, huchukuliwa getini asubuhi na kuachwa jioni, na kesho yake huja mwingine ambaye naye haelezwi kitu. Ilhali, kwa niliyoyaona, mambo mengi yanayolifanya zege liwe imara au liwe bovu hupitia mikononi mwake, na huyaamua bila hata kujua kwamba ameamua jambo.

Tuanze na maji. Mwaka 1918 mtafiti Duff Abrams, aliyekuwa akifanya majaribio yake Chicago, alionyesha kwamba nguvu ya zege hutegemea hasa uwiano wa maji na saruji. Maji yakizidi, nguvu hushuka. Ili ishike, saruji yenyewe inahitaji maji yapatayo robo ya uzito wake. Yanayozidi hapo tunayatia ili mchanganyiko ulainike na ufanyike kazi, na baadaye maji hayo hutoka na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Mfuko wa kilo 50 ukitiwa lita 25, uwiano ni 0.5. Ukiongeza lita 5 tu, uwiano unafika 0.6, na hapo zege linaweza kupoteza kiasi cha sehemu moja kati ya tano za nguvu yake. Sasa niambieni ni nani anayeshika ndoo hiyo ya lita 5. Mhandisi haishiki, na fundi yuko juu ya jukwaa.

Nakumbuka alasiri moja tukimwaga slabu ya ghorofa ya kwanza. Nilisimama kwenye mdomo wa mikisa, mashine ya kuchanganyia zege, na kazi yangu ilikuwa kutia maji kwa kopo. Tangu asubuhi tulikuwa tukitia idadi ile ile ya makopo, lakini kufikia saa tisa jua lilikuwa limekausha kokoto, zege likawa zito, na wenzangu waliokuwa wakisukuma toroli juu ya mbao wakaanza kunipigia kelele nililainishe kwa sababu linawavunja mgongo. Nyapara alipita akaniambia niwasikilize. Nikaongeza kopo moja kwa kila mchanganyiko, kisha mawili. Toroli zikawa nyepesi, zege likajipanga lenyewe kwenye pembe za fomu, yaani mbao zinazolishikilia, kazi ikaisha kabla ya magharibi na kila mtu akanishukuru. Hakuna aliyeniambia kwamba nimekosea, kwa kuwa kwa macho ya wote waliokuwa pale nilikuwa nimetenda wema. Wiki kadhaa baadaye, kila tulipofagia slabu ile, upande wa alasiri ulitoa vumbi jeupe lisiloisha na upande wa asubuhi haukutoa. Sikuyaunganisha mambo hayo mawili hadi miaka mingi ilipopita, nilipofundishwa habari za uwiano.

Kipimo cha mchanga nacho kina hadithi yake. Sanduku la mbao lenye ujazo wa lita 35 hukaribiana na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ndiyo maana mafundi makini hulitengeneza kwanza kabla ya jambo lolote. Toroli haina kipimo: mmoja huijaza bapa, mwingine huichongoa kama kichuguu. Tena mchanga wenye unyevu kidogo huvimba, pengine hata kwa robo ya ujazo wake, hivyo sanduku lile lile baada ya manyunyu ya usiku hubeba mchanga pungufu kuliko mchana wa jua. Kibarua mkongwe hulijua hili kwa kiganja. Hufinya mchanga, hufungua vidole na kuutazama kama umeshikana, kisha husema leo tuongeze kidogo. Kama huo si ujuzi, basi sijui ujuzi ni kitu gani.

Na zege likishamwagwa, halikauki kama nguo iliyoanikwa. Linashika kwa sababu saruji inaungana na maji, na muungano huo huendelea kwa wiki nyingi. Ndiyo maana nguvu yake hupimwa rasmi siku ya 28. Likinyimwa maji katika siku 7 za mwanzo, muungano husimama njiani na uso hupata nyufa. Kazi ya kulimwagilia na kulifunika kwa magunia mabichi hupewa kibarua mmoja, mara nyingi yule mgeni kuliko wote, na siku ya mapumziko haipewi mtu yeyote. Wenye uzoefu karibuni mchangie.

Pimamaji

Mkuu Timazi, uzi ni mzuri lakini nitakupinga kidogo, kwa kuwa mimi ni mhandisi na nimesimamia saiti kwa muda mrefu. Kisa chako cha kopo hakinionyeshi ujuzi wa kibarua, kinanionyesha uzembe wa usimamizi. Kiasi cha maji hakipaswi hata siku moja kuwa uamuzi wa mtu aliyesimama kwenye mikisa. Panatakiwa pawepo koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300. Zege lijazwe humo kwa matabaka 3, kila tabaka lichomwe kwa fimbo mara 25, koni inyanyuliwe taratibu, na mshuko wa zege upimwe kwa rula. Ukizidi ulioandikwa, mchanganyiko huo unakataliwa. Likitakiwa zege laini zaidi, zipo dawa za kulilainisha bila kuongeza tone la maji.

Vilevile kazi yenyewe inabadilika. Zege likiletwa na lori likiwa tayari na kupandishwa kwa pampu, safu ya watu waliokuwa wakipokezana karai haionekani tena. Simdharau kibarua yeyote. Ninachosema ni kwamba kazi inayofundishika asubuhi na kufanyika mchana haiwezi kupewa uzito sawa na kazi inayohitaji miaka mitatu ya uanagenzi.

Hata hivyo nitakuongezea jambo moja, ingawa linadhoofisha hoja yangu mwenyewe. Hewa ikibaki ndani ya zege kiasi cha asilimia 5 ya ujazo, nguvu hupungua kwa karibu asilimia 30. Hewa hiyo hutolewa na vaibreta, mashine ya kulitikisa zege, na anayeishika vaibreta mara nyingi ni kibarua. Akiichomoa kwa haraka huacha shimo ndani. Akiitumia kusukumia zege pembeni kana kwamba ni beleshi, kokoto hujitenga na uji wa saruji. Ukifungua fomu unakuta ukuta una matundu kama sega la nyuki na nondo zinachungulia. Nimesoma mikataba mingi, na sijaona hata mmoja uliomtaja mtu huyo.

Timazi

Mhandisi, koni naikubali. Lakini koni hupimwa mara chache kwa siku na kopo hutiwa mara mia. Kati ya kipimo na kipimo, aliyebaki pale ni kibarua peke yake.

Kuhusu kazi kufundishika asubuhi moja, naomba nilete habari ya Frank Gilbreth wa Marekani. Aliingia kwenye uashi akiwa mwanagenzi mwaka 1885, na baadaye akawa mtu wa kuchunguza mwili unavyojongea kazini. Aliona kwamba fundi mwashi alikuwa akifanya mijongeo 18 kwa kila tofali moja, akaipunguza hadi 5, na kasi ikapanda kutoka matofali kama 120 kwa saa hadi 350. Habari hii husimuliwa kila mara kama ushindi wa fundi. Mimi nilipoisoma nilijiuliza ile mijongeo 13 iliyoondoka ilikwenda wapi. Fundi aliacha kuinama kwa sababu kibarua alikuwa akilipandisha jukwaa la matofali kadiri ukuta ulivyopanda. Fundi aliacha kuligeuzageuza tofali kutafuta uso mzuri kwa sababu kibarua alikwisha kuyachambua chini na kuyapanga kwenye fremu za mbao, nyuso nzuri zikielekea upande mmoja. Fundi aliacha kuligonga tofali kwa mpini wa mwiko kwa sababu mota, yaani mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji, ilikuwa imekorogwa ikafikia ulaini ambao kiganja peke yake kinatosha kulikandamiza. Mijongeo mingi haikupotea, ilihamia kwa mtu mwingine, na mtu huyo hakuandikwa kwenye hesabu ya tofali 350.

Nimekuwa na saidia fundi wa kila namna. Yupo anayekumwagia matofali rundo moja, ukawa unatembea hatua nne kwa kila tofali, na jioni kiuno hakinyooki. Na yupo niliyefanya naye kazi miaka mitatu ambaye sikumbuki kumwita hata mara moja. Aliacha nafasi ya kupitisha miguu kati ya ukuta na matofali, hakuibana zaidi wala kuitanua. Matofali makavu aliyalowesha mapema ili yasinyonye maji ya mota. Hakukoroga mota nyingi, kwa kuwa alijua ikipita saa 2 hivi huanza kushika, na ukiirudishia maji unakuwa umejidanganya. Zaidi ya yote alikuwa akisikiliza mwiko. Mwiko ukianza kukwaruza ubao, maana yake mota imebaki ya tofali mbili tatu, naye alikuwa tayari anapanda ngazi. Hilo huwezi kulifundisha asubuhi.

Kuhusu mashine, wakati jengo refu la New York, Empire State Building, linajengwa mwaka 1930 na 1931, matofali yapatayo milioni 10 yalimiminwa kupitia mfereji hadi kwenye mapipa makubwa ya chini, yakapandishwa kwa lifti na kusambazwa kwa vigari vya reli ndogo kila ghorofa ili kuondoa kazi ya toroli. Pamoja na hayo yote, siku za pilikapilika kubwa watu walifika kama 3,400 mahali pale. Toroli liliondoka, kazi ya kupakia, kupakua na kuongoza vigari ikabaki. Hata pampu yako, mhandisi, ina mtu anayekumbatia mdomo wa bomba ukitikisika kama nyoka aliyekanyagwa, na hapo nyuma yupo mwenye reki na mwenye vaibreta.

Mama Karai

Kaka zangu, nawasalimu. Mmezungumza maji na mijongeo, mimi naomba tuzungumze uzito, kwa sababu nimebeba zege kichwani miaka 9.

Fanyeni hesabu hii nyepesi. Slabu yenye mita za mraba 100 na unene wa milimita 150 ni mita za ujazo 15. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi, kwa hiyo slabu hiyo ni tani 36. Karai langu nikilijaza vizuri ni kilo 24. Hizo ni karai 1,500, na zege halingoji kesho, maana ukikatiza katikati pasipo mpango unaacha mshono dhaifu ndani ya slabu. Tukiwa 20, kila mmoja ana safari 75 za kupanda akiwa na mzigo, na 75 za kushuka. Ngazi ikiwa na mbao moja inayocheza, mguu wako unaijua kufikia safari ya tatu, na hakuna mwenye muda wa kuipigilia msumari.

Msichokijua ninyi mnaosimama juu ni kwamba mtu muhimu kuliko wote katika safu ile ni anayetutwika. Akikutwika kwa pupa, karai hutua kichwani likiwa limeinama, nawe unalirekebisha kwa shingo. Akikutwika vizuri, huligusisha kwanza kwenye kata, hungoja uvute pumzi, ndipo huliachia. Sisi tulikuwa na mzee mmoja wa kututwika, na siku asipokuwepo wote tulirudi nyumbani na shingo zimekakamaa. Wasimamizi walimhesabu kuwa mtu mvivu asiyebeba.

Kuna pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linalosema mzigo ambao mwanamume mtu mzima anabeba kwa mikono unapozidi kilo 55, hatua zichukuliwe kuupunguza haraka, na kwamba wanawake wabebe pungufu sana ya hapo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 uko chini ya kikomo hicho kwa kilo 5 tu, tena kikomo chenyewe ni cha zamani. Zipo nchi zilizohamia mifuko ya kilo 25, na nyumba zao hazijaanguka. Mimi sioni ugumu wowote wa kiufundi hapo.

Na mnisamehe nikisema la mwisho. Nimefanya kazi na mkandarasi aliyetuhesabia karai wanawake na wanaume sawasawa, jioni akatulipa wanawake pungufu, na nilipouliza nikaambiwa sisi ni wasaidizi wa vibarua. Choo kilikuwa kimoja, hakikuwa na mlango, na sisi tulikuwa tunakwenda wawili wawili ili mmoja asimame mbele.

Mgeni wa Saiti

Shikamooni wakubwa wote. Mimi nina wiki tatu tu kwenye kazi hii. Naomba kuuliza: viganja vyangu vimechubuka kati ya vidole, na kwenye goti la kulia nina kidonda ambacho hakikuuma nilipokipata. Nilipiga goti kwenye zege bichi nikisawazisha kwa ubao kama saa moja hivi. Wenzangu wanasema ngozi itazoea. Je, ni kweli?

Timazi

Marahaba, mdogo wangu. Si kweli, na tafadhali kaonyeshe goti hilo kwa tabibu leo, usingoje. Saruji iliyoloa ni kali kama magadi ya kutengenezea sabuni; kipimo chake cha uchachu na ubesi huwa kati ya 12 na 13. Inaunguza polepole bila kuuma, na mtu hustuka jioni ngozi ikiwa imeshakufa. Ikiingia ndani ya gambuti ni hatari zaidi, kwa sababu inakaa humo na soksi inaishikilia. Vua pale pale, jimwagie maji safi mengi kwa dakika 20 au zaidi, na nguo iliyolowa uibadilishe. Usinawe kwa petroli wala dizeli kama wanavyofanya baadhi ya watu.

Jambo la ngozi kuzoea ndilo linalonikera zaidi, kwa kuwa kinachotokea ni kinyume chake. Saruji nyingi zina madini ya kromu kidogo, ya aina inayodhuru ngozi, na mwili wa mtu ukishaikataa, hukataa maisha yake yote; nimeona mafundi wazuri walioacha uashi kwa sababu hiyo. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza mwaka 2005 kuzuia saruji yenye kromu ya aina hiyo inayozidi sehemu 2 katika milioni. Kwa hiyo vaa glavu zisizopitisha maji, na ukipiga goti weka kipande cha ubao chini yake.

Ukipewa kufagia au kukata tofali kwa mashine, nyunyiza maji kwanza. Vumbi la mchanga na zege lina silika, na chembe zake zinazodhuru ni zile ndogo usizoziona. Huingia mapafuni na kuyafanya yawe na makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi na hauna dawa ya kuuondoa. Kitambaa ulichofunga puani hakizuii chembe hizo.

Pimamaji

Kijana, nami nikuongezee la mitaro, kwa kuwa wageni ndio wanaoteremshwa humo kwanza. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kukosa pumzi hata kama kichwa chake kiko nje, kwa sababu kila akitoa pumzi udongo hubana na kifua hakipati nafasi ya kutanuka tena. Marekani sheria hudai kuta za mtaro zizuiwe au zilazwe mteremko ukifika kina cha futi 5, yaani mita moja na nusu, isipokuwa kwenye mwamba mgumu, na udongo uliochimbwa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Ukiona udongo umerundikwa ukingoni kabisa, nyufa zinakimbia sambamba na mtaro na hakuna ngazi ya kutokea, usishuke.

Najua utaniuliza utawezaje kukataa ukiwa na wiki tatu. Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unaohusu usalama na afya katika ujenzi, unampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, na unamtaka amweleze msimamizi wake mara moja. Unasema pia vifaa vya kujikinga vitolewe na mwajiri bila mfanyakazi kulipia, na kwa Mama Karai, unataka vyoo vya wanaume na wanawake viwe mbalimbali. Si nchi zote zilizouridhia, nami sitakudanganya kwamba karatasi hiyo itakuokoa na nyapara mkali. Lakini nilipokuwa msimamizi, vibarua wawili waliwahi kukataa kushuka mtaroni. Nilikasirika, nikaenda kuwaonyesha kwamba hakuna kitu. Nilipochungulia niliona ufa wa kuingiza kidole, na sikushuka na mimi. Kwa hiyo, Timazi, ile hoja yangu ya asubuhi moja nairudisha nusu.

Daftari la Mahudhurio

Wakuu, mimi ni mtunza mahudhurio na malipo, na nashangaa uzi umefika huku bila suala la ujira. Ubora mnaoulilia umefungwa kwenye namna ya kulipa. Kibarua anayelipwa kwa siku hana sababu ya kukimbia, na msimamizi hulalamika kwamba anavuta muda. Kibarua anayelipwa kwa kipande, kwa mfano kwa kila mita ya mtaro au kwa kila mfuko uliochanganywa, atakimbia, na atakachokiruka ni kile kisichohesabiwa: kugeuza mchanganyiko mkavu mara tatu kabla ya kutia maji, kusafisha takataka ndani ya fomu, kuweka vipande vya kuinulia nondo zisilale chini. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika malipo ya kipande ya kufunga nondo za slabu, na vijana walimaliza nusu siku mapema. Zege lilipomwagwa nondo zilikuwa zimelala juu ya mbao, na miaka michache baadaye kutu ikaanza kuchora mistari ya kahawia darini. Nilikuwa nimelipa kasi, na kasi ndiyo niliyopewa.

Ama kuhusu kuchelewesha malipo, jambo hilo ni la zamani kuliko mnavyodhani. Huko Misri, katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses III, zaidi ya miaka 3,100 iliyopita, watu waliokuwa wakichonga makaburi ya wafalme waliweka zana chini na kwenda kuketi nyuma ya hekalu kwa sababu posho yao ya nafaka ilikuwa imechelewa. Kilichoandikwa kwenye mafunjo kuhusu siku zile kingali kinasomwa. Nao walidai kitu kile kile wanachodai vibarua mbele ya dirisha langu kila mwisho wa wiki, tena wakati mwingine naagizwa niwaambie waje Jumatatu huku fedha nimeshaziona sandukuni. Sina fahari na hilo. Nililolifanya ni kuanza kumwandikia kila mtu kikaratasi cha siku alizofanya, nikikitia sahihi, ili hata nikihamishwa pasiwe na ubishi. Mgeni wa Saiti, kama hupewi kikaratasi, andika mwenyewe: tarehe, kazi, na jina la aliyekuagiza.

Mgeni wa Saiti

Nashukuru sana. Goti nimelipeleka, nimesafishwa na nimeambiwa nipumzike siku nne. Swali langu la mwisho ni kwa kaka Timazi: kutoka karai hadi mwiko ulipitaje? Hapa nilipo mafundi hawataki tuguse hata timazi zao.

Timazi

Mdogo wangu, hakuna aliyenipandisha cheo. Wengi hubaki na karai miaka 20, nao hawakosi akili. Kilichokosekana ni wa kuwaruhusu kujaribu. Mimi nilianza kwa kusafisha vifaa vya fundi bila kuagizwa, kwa sababu mtu anayeosha mwiko na pima maji kila jioni huwa ana ruhusa ya kuvishika. Kisha nikawa natumia saa ya mapumziko. Mota iliyobaki kwenye ubao, ambayo ingetupwa, niliitandaza chini nyuma ya stoo nikajenga kozi 3, yaani safu 3, za matofali mabovu, nikazipima, nikazibomoa na kuyafuta matofali kabla watu hawajarudi. Nilifanya hivyo karibu kila siku kwa miezi mingi. Mwanzoni pima maji ilinionyesha kila kozi imezama upande wa kushoto, nami nikadhani kifaa ni kibovu. Nikakigeuza, kikasema vile vile. Ilikuwa ni mkono wangu, nilikuwa nakandamiza kwa nguvu zaidi mwishoni mwa kila tofali.

Siku moja fundi alirudi mapema akanikuta. Hakusema neno. Aliweka pima maji yake juu ya kozi ya tatu, akainama kuitazama, kisha akapiga teke ukuta ule mdogo kwa kisigino na kuniambia nikaandae mota ya mchana. Kesho yake alipandisha kona mbili za ukuta kama kawaida, akafunga kamba kati yake, na badala ya kuanza kujaza katikati akanipa mwiko wake wa zamani wenye mpini uliofungwa kwa mpira, akaniambia nisiiguse kamba. Matofali yangu alinitwika yeye.